Achana na Mafuta ya Mia Tano

Jioni moja nilimtuma mwanangu kwa Mangi na kichupa, kama kawaida yetu, akalete mafuta ya kupima ya mia tano. Aliporudi sikuyamimina kwenye kikaango. Nilichukua kile kikombe kidogo cha plastiki kinachokuja na dawa ya kikohozi ya watoto, chenye alama za mililita, nikaanza kupima. Kikombe cha mililita 15 kilijaa mara nne. Mara ya tano mafuta yaliishia kwenye alama ya 10. Jumla mililita 70.

Piga hesabu na mimi. Mililita 70 kwa mia tano maana yake lita nzima nainunua kwa 7,140 hivi. Duka lilelile, rafu ya nyuma ya Mangi, chupa ya lita moja ilikuwa 6,000. Dumu la lita 5 duka la jumla lilikuwa 27,000, yaani 5,400 kwa lita. Nyumba yangu inakula lita 5 kwa mwezi. Kwa kupima nilikuwa nalipa karibu 35,700. Nilikuwa natupa 8,700 kila mwezi, kwa mafuta tu, na bado najiona mtu wa kubana matumizi kwa sababu nanunua kidogokidogo.

Bei za mtaani kwako zitakuwa nyingine. Pengo utalikuta palepale.

Najua unachotaka kusema. Ningekuwa na 27,000 ya dumu mkononi, dada, ningekuwa nimeshanunua. Ndiyo maana sikwambii ununue dumu kesho. Nakwambia upande ngazi moja tu.

Anza hivi. Chagua kitu kimoja unachonunua kwa kupima. Kimoja. Mwezi huu kinunue kwa ujazo wa juu kidogo ya ule uliozoea: kama ni mafuta ya mia tano, nenda kwenye chupa ya nusu lita au lita. Ile tofauti uliyookoa usiiache kwenye pochi, itaondoka na vocha. Itie kwenye kibubu siku hiyohiyo. Kibubu kikifika bei ya dumu, kivunje, nunua dumu. Sasa mafuta yamejisimamia yenyewe, na akiba yake inaanza kukusanya hela ya kitu cha pili.

Mimi nilianza na mafuta, nikaja sabuni, nikaja mchele. Miezi minne ilipita kabla sijafika kwenye mchele. Sukari niliiacha ya mwisho makusudi. Nyumba yenye watoto, kiroba cha sukari kina miguu.

Chagua vizuri hicho cha kwanza. Kiwe kitu cha kila siku, kisichooza, na kisichomtamanisha mtu. Mafuta, sabuni na chumvi vinafaa. Biskuti hazifai.

Kuna mtego mmoja. Dumu likiwa limejaa, mkono unakuwa mwepesi. Maandazi yanaogelea, mboga inameremeta, na mwezi hauishi. Dawa yake ni rahisi: kila Jumapili mimina mafuta ya wiki kwenye chupa ndogo, dumu lirudi uvunguni. Jikoni ionekane chupa tu. Ikiisha Ijumaa, Jumamosi mnachemsha.

Kama una dada wa kazi, mkalishe umweleze hesabu yote, pamoja na bei. Yeye ndiye anayeshika kijiko. Usipomshirikisha atadhani umekuwa mchoyo. Ukimshirikisha, atakuwa mkali kuliko wewe.

Kabla hujafika huko, andika

Chukua daftari la mtoto lililobaki kurasa. Wiki mbili andika kila senti inayotoka. Wiki mbili zinatosha. Wanaokwambia uandike mwaka mzima hawana watoto. Andika boda, vocha, makato ya kutolea pesa, karanga za foleni, mia mbili ya mtoto aliyelia. Usijihukumu, andika tu.

Siku ya 14 chukua kalamu nyekundu. Zungushia kila kitu kilichojitokeza zaidi ya mara nne. Hivyo ndivyo vya kushughulika navyo. Friji uliyonunua mwaka juzi iache, imeshapita.

Kwenye daftari langu boda ndiyo iliniumbua. Elfu moja asubuhi kutoka nyumbani hadi kituoni, elfu moja jioni. Siku 24 za kazi ni 48,000. Sikuiacha yote. Asubuhi natembea, kuna ubaridi na sina mzigo. Jioni giza likiingia au nikiwa na mfuko wa sokoni, napanda. Nimebaki na 24,000 na usalama wangu.

Na lile daftari lingine, la Mangi? Lifute mapema uwezavyo. Deni la Mangi halina riba, ni kweli, na Mangi ni mtu mwema. Lakini ukiwa unadaiwa kwake, unaona haya kupita mbele ya duka na kiroba ulichonunua kwingine. Unabaki kununua kwa bei yake. Lipa kidogokidogo, kila ukipata hela anza naye, kisha omba afunge ukurasa wako.

Sokoni nenda na macho

Kwanza, fahamu kila soko na kazi yake. Kwa Dar es Salaam, nafaka ni Tandale. Ndizi na matunda ni Mabibo. Mboga na matunda utayapata Temeke Stereo. Samaki ni Feri, Magogoni. Vitu vya dukani kwa jumla ni Kariakoo. Ukiwa Mwanza, dagaa ni Mwaloni, Kirumba. Huhitaji kwenda kila wiki. Mara moja kwa mwezi, na orodha mkononi, inatosha. Nauli ya daladala iingize kwenye hesabu. Kama unachookoa ni sawa na nauli, baki mtaani kwako.

Pili, omba mizani. Sado ni ndoo ya rangi ya lita 4, wala haikutengenezwa kupimia nyanya. Igeuze uitazame kwenye kitako. Zipo zilizopashwa moto zikabonyezwa ndani, kitako kimepanda juu kama chungu kilichofunikwa. Ukinunua hiyo unalipia hewa. Hakuna haja ya ugomvi. Mwambie, "Kaka, nipimie kwa kilo." Akikataa, jirani yake yupo.

Mafungu nayo yana ujanja wake. Ya mbele makubwa, ya chini yamelainika. Chagua moja moja, muuzaji akinuna nuneni wote. Mboga za majani nunua gengeni jioni, wakati mwenye genge anawaza kufunga. Mchicha haulali naye, ataupunguza bei au atakuongezea fungu. Kama unapika usiku huohuo, hujapoteza kitu.

Fuata msimu. Mpunga wa Mbarali na Kyela huanza kuvunwa kuanzia Mei, na katikati ya mwaka mchele huwa umeshuka. Kuanzia Desemba huwa unapanda. Kwa hiyo pesa yoyote ya ziada itakayokujia Julai, hata ya mchezo, iende kwenye mchele. Mahindi vilevile. Nyanya hupanda mvua zikizidi, basi kabla ya masika chemsha nyanya, saga, gandisha kwenye vifuko vya kupikia mara moja moja. Kama huna friji, punguza nyanya, ongeza nazi na karanga. Bamia halikuomba nyanya tatu.

Dagaa wana kalenda yao angani. Wale wa Ziwa Victoria huvuliwa usiku kwa taa, na taa inavuta dagaa vizuri kukiwa na giza. Mwezi ukiwa mpevu, taa haina nguvu, wavuvi wanapata kidogo, bei inapanda. Tazama juu kabla hujaenda. Nunua siku za giza, anika vizuri, tia kwenye chombo kikavu chenye mfuniko. Hiyo ni mboga ya mbalamwezi nzima.

Sasa kununua kwa kuungana. Majirani watatu au wanne mnachanga, mnanunua tenga la nyanya au gunia la vitunguu, mnagawana kwa mizani palepale. Inafanya kazi sana, ikiwa mtagawana siku hiyohiyo. Mimi niliwahi kujifanya mjanja, nikanunua gunia zima la vitunguu peke yangu wiki ya kwanza ya masika. Nikaliacha limefungwa nyuma ya mlango wa jikoni. Wiki ya pili nyumba ilianza kunuka, nikamsingizia panya. Nilipolifungua, nusu ilikuwa uji. Vitunguu vinataka upepo: vitandaze chini au vitundike kwenye wavu, toa kilicholainika kila baada ya siku mbili. Na usinunue gunia mvua zikianza.

Chagua wa kuungana naye kwa tabia moja tu: anatoa hela kabla ya safari. Anayesema "nitakupa ukirudi" mpende kama jirani.

Maharage yana dudu lake. Ukinunua ya miezi mitatu, yahifadhi kwenye ile mifuko ya tabaka tatu ya PICS, isiyopitisha hewa. Funga kila tabaka peke yake kwa kukaza. Wadudu waliomo wanakosa hewa na kufa, na hutii dawa yoyote kwenye chakula cha watoto. Usiifunguefungue kila siku. Toa ya wiki mbili kwa mpigo.

Moto, umeme, maji

Maharage yalowekwe usiku. Asubuhi mwaga yale maji, chemsha kilo nzima hata kama leo mnakula robo. Yaliyobaki gawanya kwenye vikopo, gandisha. Moto mmoja, mboga mara nne.

Gesi ipimwe. Kwenye shingo ya mtungi pameandikwa uzito wa mtungi mtupu. Kama pameandikwa 7.2, basi mtungi wa kilo 6 uliojaa unatakiwa usome 13.2 kwenye mizani. Muulize muuzaji mizani iko wapi, anatakiwa kuwa nayo. Nikianza mtungi mpya naandika tarehe kwa kalamu ya rangi ubavuni. Siku ukiisha mapema najua ni sisi tumepika makande ovyo au ni mtungi ulikuja haujajaa.

Kama bado unatumia mkaa, usiuache ujimalize wenyewe baada ya chakula kuiva. Chukua koleo, tia makaa kwenye kopo la bati lenye mfuniko, funika. Yanazimika kwa kukosa hewa, na kesho yanawaka upesi. Usiyamwagie maji, utapata matope.

Jiko la presha la umeme watu wanaliogopa kwa sababu ya LUKU. Fanya hesabu. Uniti moja ni wati 1,000 kwa saa moja. Jiko la wati 1,000 hata likivuta umeme saa nzima bila kupumzika, limekula uniti moja. Na halivuti hivyo. Likishapata presha linakata na kuwasha kidogo tu. Kwa maharage, makande na nyama ngumu halina mpinzani. Kwa chapati haligusi, hapo gesi ibaki.

Umeme una jambo kubwa kuliko kuzima taa. Tanesco wana kundi la matumizi madogo, D1, la wanaotumia wastani usiozidi uniti 75 kwa mwezi. Kwa viwango vilivyowekwa 2016, uniti ya D1 ni shilingi 100 kabla ya kodi na tozo, ya kundi la kawaida, T1, ni 292, na mtu wa D1 akivuka 75 zile za juu yake anapigwa 350. Ulizia uko kundi gani. Uniti 75 kwa mwezi ni mbili na nusu kwa siku. Soma mita asubuhi, soma tena kesho yake saa ileile, utajua ulipo.

Kama mmepanga vyumba sita kwenye mita moja, hamtabaki chini ya 75 hata mkilala saa moja. Mwombeni mwenye nyumba kila mmoja awe na mita yake. Mkishindwa, basi fungeni mita ndogo za ndani, kila chumba kilipe kilichotumia. Zitapunguza kelele kabla hazijapunguza bili.

Na hilo la kodi ya jengo. Tangu 2021 inakatwa kwenye LUKU. Kwa nyumba ya kawaida ni shilingi 1,500 kwa mwezi, 18,000 kwa mwaka. Hiyo ni kodi ya mwenye jengo. Kama umepanga na unaikatwa wewe, tunza zile meseji za LUKU. Siku ya kulipa pango mweleze baba mwenye nyumba kwa adabu zake zote, mkatane. Wengi wanakubali, shida ni kwamba hakuna anayewaambia.

Pasi ipigwe mara moja kwa wiki, nguo zote pamoja. Chai ichemshwe mara moja, iingie kwenye chupa ya chai. Friji ijaribu kwa noti: ibane noti mlangoni, uivute. Ikitoka bila kushikiliwa, mpira wa mlango umechoka na friji inapoza jikoni kwako. Mpira unabadilishwa na fundi, huna haja ya friji mpya.

Maji: usiku funga bomba zote, andika namba ya mita. Asubuhi kabla ya mtu kufungua bomba, isome tena. Ikiwa imesogea, kuna mahali panavuja, na mara nyingi ni tangi la choo. Uniti moja ya maji ni lita 1,000, sawa na ndoo 50 za lita 20. Kumbuka hilo kila unapomlipa mwenye mkokoteni.

Sabuni ya mche ikate vipande siku ya kuinunua, vipange juu ya kabati vikauke wiki mbili. Sabuni kavu haiyeyuki ovyo kwenye beseni.

Watoto

Mtoto wa pampasi nne kwa siku, kila moja shilingi 400, anakula 48,000 kwa mwezi. Mvalishe pampasi usiku na mkiwa safarini, mchana nepi za kitambaa. Kanga kuukuu iliyolainika ndiyo nepi bora kuliko zote. Pampasi moja ya usiku ni 12,000 kwa mwezi. Toa sabuni na maji ya kufulia, bado una zaidi ya elfu 25. Na mtoto wa nepi anajifunza poti mapema kwa sababu anausikia unyevu. Mama yangu alilisema hilo miaka yote na mimi nikambishia hadi nilipozaa wa pili.

Chanjo na kliniki ya mtoto kwenye vituo vya serikali ni bure. Usizikose kisha ukaja kulipia homa.

Hela ya shule inakatika bila kelele. Watoto watatu, elfu moja kila mmoja, siku 20, ni 60,000. Wafungie chakula: viazi vitamu, mihogo ya kuchemsha, chapati ya jana, karanga. Usiwanyime hela kabisa, watadhalilika mbele ya wenzao. Wape ya Ijumaa tu. Ijumaa inakuwa sikukuu.

Sare zinunuliwe Novemba. Desemba katikati watu wameamka, Januari fundi anakuangalia kama bwana harusi. Ukishonesha, mwambie fundi aache upindo wa vidole vinne kwenye sketi na suruali. Mwaka kesho unashusha, unapiga pasi, mtoto anaenda shule. Viatu usinunue vya kukua ndani yake: mtoto anavisigina na vinakufa kabla mguu haujafika. Nusu kidole cha nafasi kinatosha. Madaftari nunua kwa dazeni na mama mwenzio, mgawane.

Kama unacheza mchezo, omba zamu yako iwe Novemba au Desemba mwanzoni. Waambie wenzako mapema, wakati zamu zinapangwa. Ukipokea Machi utanunua kapeti, na Januari itakukuta vilevile.

Simu

Kutoa pesa kwa wakala kuna makato kwa madaraja. Kutoa 10,000 mara tano kunakugharimu zaidi ya kutoa 50,000 mara moja. Panga siku moja ya kutoa kwa wiki. Kwenye duka lenye lipa namba, lipa moja kwa moja. Na anayekutumia hela ya matumizi, hata kama ni mume wako, mwambie atume na ya kutolea.

Bando linaliwa na WhatsApp. Ingia kwenye mipangilio, zima kujipakulia kwa picha na video. Magrupu ya familia yana baraka zake, ila video 14 za "asubuhi njema" kwa siku ni bando la mtu.

Mikopo ya haraka, hasa ile tunayoiita kausha damu, ipige hesabu kabla hujaweka kidole gumba. Ukipewa 100,000 urudishe 5,000 kila siku kwa siku 30, unarudisha 150,000. Hakuna dumu la mafuta litakalookoa hiyo elfu 50. Ile ya kwenye simu nayo ina mambo yake: wengine ukichelewa wanapigia watu waliomo kwenye simu yako. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza majukwaa 69 ya mikopo ya mtandaoni yasiyo na leseni. Kama umebanwa kweli, anza kwenye kikoba chako, riba unayolipa inarudi kwenu kwenye gawio.

Michango

Hapa ndipo wengi wetu tunapotoboka. Unabana mafuta mwezi mzima, halafu unaingizwa kwenye grupu la harusi ya mtoto wa rafiki wa shangazi. Kabla hujajitoa, kuna ujumbe: "Tunaomba ahadi zenu wapendwa." Watu wanaandika majina na namba, na wewe huwezi kuwa wa elfu kumi.

Unaweza. Mwanzoni mwa mwaka panga kiasi cha michango ya mwaka mzima, kigawe kwa miezi. Kisha wagawe watu mafungu mawili. Fungu la kwanza ni ndugu wa damu, marafiki wa kweli, na misiba ya mtaani kwako. Hao unawatolea kwa moyo. Fungu la pili ni wengine wote. Hao wana kiwango kimoja, kidogo, kisichobadilika, awe tajiri awe maskini. Likiisha fungu la mwezi, limeisha.

Usiahidi. Lipa. Ahadi ya laki moja iliyochelewa inakufukuza mtaani, elfu 20 iliyolipwa siku ya kwanza inakupa heshima na inakutoa kwenye orodha ya kupigiwa simu. Ujumbe wangu uko tayari kwenye simu, nanakili tu: "Hongereni sana. Nimetuma mchango wangu leo, naomba mthibitishe. Sitaweza kufika ukumbini ila niko nanyi kwa dua." Sehemu ya ukumbini ni muhimu. Ukienda kuna nauli, kuna nywele, kuna zawadi, kuna kurudi usiku na bajaji.

Sare ya kitchen party ikikukuta kwa mtu wa fungu la kwanza, nunua kitenge, hakuna namna. Ila kwa fundi usishone gauni la kuburuza litakalovaliwa usiku mmoja. Shona la magotini, lenye mikono, la kwendea kazini. Kipande kinachobaki mwambie akushonee mfuko wenye mishikio mirefu, maana kilo 25 za mchele kutoka Tandale zinataka bega.